Buti la Sivijointi: Utangulizi kwa Anayeanza Kujifunza Shafti za Gari

Kama unaishi Mbebe au kijiji kingine cha Ileje, na unatumia Vitz, IST au Probox, kuna siku utachuchumaa karibu na tairi la mbele na kukuta upande wa ndani wa ringi umepakaa grisi nyeusi. Grisi hiyo itakuwa imerushwa kwa mstari, ikafika hadi kwenye shokapu na kwenye mpira wa breki. Gari bado linatembea vizuri. Halina kelele, halitetemeki, na oili ya injini haijapungua. Wengi hufuta kwa tambara na kuendelea na safari ya Tunduma. Nakuomba usifute kwanza. Mstari huo wa grisi unakuambia kwamba buti la shafti limepasuka, na ni sababu nzuri ya kuanza kujifunza tawi hili la umakanika. Mimi nalipenda kuliko matawi mengine yote, kwa kuwa lina hesabu ndani yake, lina historia, na sehemu kubwa ya kazi yake inawezekana uani kwako.

Sitarajii uwe umewahi kushika soketi. Tutaanza mbali kidogo na buti lenyewe, kwa sababu anayebadilisha buti bila kujua linalinda nini hulifunga vibaya, na baada ya muda mfupi anarudi palepale.

Katika magari madogo mengi yanayoingia nchini kutoka Japani, tairi za mbele ndizo zinazovuta gari, na tairi hizohizo ndizo zinazokata kona. Zaidi ya hapo, hupanda na kushuka kila zinapopita juu ya jiwe au shimo. Mzunguko wa kuvuta gari hutoka kwenye gia boksi na kufikishwa kwenye tairi na fimbo ya chuma iitwayo shafti. Sasa tazama ugumu ulipo. Gia boksi imefungwa mahali pamoja, lakini tairi linageuka kushoto na kulia na kuyumba juu na chini. Fimbo iliyonyooka itawezaje kuzungusha kitu ambacho hakikai mahali pamoja?

Jibu la kwanza la binadamu unaweza kuliona bila kulipa chochote. Nenda Tunduma, simama kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, uiname kidogo. Utaona bomba nene la chuma linalotoka kwenye gia boksi kwenda kwenye difu ya nyuma. Hiyo ni propela shafti. Kwenye ncha zake kuna kiungo chenye umbo la msalaba, ambacho mafundi hukiita krosi. Ni wazo la zamani: linahusishwa na Gerolamo Cardano, msomi wa Italia wa karne ya 16, na katika karne ya 17 Robert Hooke wa Uingereza alilieleza kwa kina zaidi. Krosi ni imara na rahisi kutengeneza, lakini ina kasoro moja kubwa. Shafti zake mbili zikiwa zimepinda, ile inayosukuma huzunguka kwa mwendo sawasawa, ila ile inayosukumwa huharakisha na kupunguza mwendo, mara mbili katika kila mzunguko. Pembe ikiwa nyuzi 5, tofauti hiyo ni ndogo mno. Pembe ikifika nyuzi 40, kasi hushuka hadi asilimia 77 ya ile inayoingia, kisha hupanda hadi asilimia 131.

Kwa lori jambo hili halisumbui. Pembe za propela shafti ni ndogo, na krosi huwekwa mbili ili kasoro ya moja ifutwe na ya pili. Tairi la mbele linalokata kona halina nafasi ya ujanja huo. Ukiliwekea krosi moja, usukani utapigapiga mikononi mwako kila unapoingia kwenye kona.

Dawa ilipatikana katika miaka ya 1920. Alfred Rzeppa, mhandisi aliyefanya kazi Marekani, alibuni kiungo kinachotumia gololi sita badala ya msalaba. Kwa nje kuna bakuli la chuma lenye mifereji sita iliyopinda ndani yake. Katikati kuna kipande cha mviringo chenye mifereji sita inayolingana nayo. Kila gololi inakaa ndani ya mifereji miwili inayotazamana. Gololi zote zimeshikwa na pete yenye madirisha sita, iitwayo kizimba. Shafti ikipinda, kizimba hulazimisha gololi zikae kwenye mstari unaoigawa pembe katikati kabisa. Hapo ndipo penye siri yote. Kwa kuwa gololi ziko katikati ya pembe, upande unaosukuma na upande unaosukumwa huzunguka kwa mwendo mmoja, hata pembe ikikaribia nyuzi 45. Kiungo cha mwendo sawa cha namna hii ndicho sivijointi. Mwaka 1959, gari dogo la Kiingereza liitwalo Mini lilipotoka likiwa na viungo vya aina hii kwenye tairi za mbele, watengenezaji wengi waliona kwamba gari la bei ndogo linaweza kuvutwa na tairi za mbele, na leo IST yako inatembea kwa wazo hilohilo.

Huenda unajiuliza kwa nini kila shafti ina viungo viwili, kimoja kwenye tairi na kingine kwenye gia boksi. Swali zuri, maana wanafunzi wengi hukwama hapa. Tairi linapopanda na kushuka, umbali kati yake na gia boksi hubadilika. Lazima kiungo kimoja kiweze kurefuka na kufupika. Kazi hiyo ni ya sivijointi ya ndani, ambayo katika Toyota ndogo nyingi ina mikono mitatu yenye roli, inayoteleza ndani ya kopo la chuma. Mafundi hukiita kipande hicho cha mikono mitatu tripodi. Kwa kifupi, ya nje hupinda sana lakini haitelezi. Ya ndani huteleza lakini haipindi sana. Ndiyo maana buti la nje huchoka kwanza.

Sasa tufike kwenye buti lenyewe. Ni mfuko wa raba wenye mikunjo, mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Mdomo mpana hufungwa kwenye sivijointi, mdomo mwembamba hufungwa kwenye shafti. Kazi zake ni mbili: kuzuia grisi isitoke, na kuzuia vumbi na maji yasiingie. Tairi la Vitz lina kipenyo cha karibu sentimita 58, kwa hiyo kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa linazunguka karibu mara 550 kwa dakika. Unapokuwa kwenye kona, katika kila mzunguko kila mkunjo hufunguka na kujifunga mara moja. Raba inafanya kazi hiyo kwa miaka, kwenye joto, ikirushiwa kokoto. Mwishowe hupasuka, mara nyingi kwenye bonde la mkunjo ambako jicho haliingii vizuri mpaka ugeuze usukani hadi mwisho na kuifungua mikunjo kwa vidole.

Ikishapasuka, mzunguko wenyewe huirusha grisi nje. Hiyo ndiyo ile uliyoiona kwenye ringi. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la barabara za Ileje huingia, na masika huingia maji ya matope. Grisi iliyochanganyika na vumbi inakuwa msasa, na msasa huo unasagwa kati ya gololi na mifereji yake kila unapoendesha.

Kabla hujanunua kitu, pima kwanza kama kiungo bado ni kizima. Tafuta uwanja ulio wazi, geuza usukani hadi mwisho upande mmoja, ondoka polepole huku ukiongeza mafuta kidogo, kisha fanya hivyo upande wa pili. Ukisikia ta-ta-ta-ta inayoongezeka na mwendo, mifereji imekwisha kuliwa. Hapo buti jipya halitakusaidia. Tafuta sivijointi nzima au shafti kamili, na usikubali kuuziwa matumaini. Kukiwa kimya, una bahati, na kazi ya kufanya ni hii ya buti.

Watu wengi huogopa kazi hii kwa sababu ya zana. Msimamo wangu ni kwamba kila zana maalumu ipo kwa ajili ya kazi moja au mbili tu, na ukiijua kazi hiyo barabara, mara nyingi utapata kitu nyumbani cha kuifanya. Usipoijua, hata zana ya dukani itakuumiza. Mfano ninaoupenda ni wa nati ya habu, ile nati kubwa iliyo katikati ya tairi inayoshika ncha ya shafti. Katika Toyota ndogo nyingi inafunguliwa kwa soketi namba 30, na inatakiwa ikazwe kwa nyutoni mita 216. Nyutoni mita ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha: uzito unaouweka, mara urefu wa mkono unaouwekea. Gereji kubwa zina spana ya kupimia nguvu hiyo. Wewe huna. Lakini nyutoni mita 216 ni sawa na kuning'iniza kilo 22 mwishoni mwa mkono wenye urefu wa mita moja, na kilo 22 unazifahamu vizuri kuliko unavyodhani, kwa kuwa unazibeba kila siku kutoka bombani.

Chukua paipu la chuma, lichomeke kwenye mshikio wa soketi, pima mita moja kamili kuanzia katikati ya nati, tia alama. Dumu la lita 20 lililojaa maji lina kilo 20 za maji na karibu kilo moja ya dumu lenyewe. Uzito wa paipu unaongeza kilichobaki. Gari likiwa limesimama chini kwa tairi zake, mwenzako akikanyaga breki, ning'iniza dumu kwa kamba pale kwenye alama, ukiliachia taratibu bila kulidondosha. Nati itazunguka kidogo kisha isimame. Paipu linapaswa kuwa limelala sambamba na ardhi wakati linaposimama. Likiwa limeinamia chini, toa soketi, irudishe kwa pembe nyingine, urudie. Dumu hilohilo, ukiliweka kwenye nusu mita tu, linakupa karibu nyutoni mita 103, ambazo ndizo nati za tairi za Toyota ndogo nyingi zinazohitaji. Sijui zana ya dukani inayonifurahisha kuliko hii.

Kwa upande mwingine kuna mambo ambayo hayana mbadala. Jeki huinua gari, haikutengenezwa kulishikilia. Weka gari mahali pa tambarare na pagumu, weka ubao mpana chini ya jeki, zuia tairi za nyuma kwa mawe makubwa mbele na nyuma, na gari likishapanda, sukumia magogo mazito ya mti mgumu chini ya bodi, kwenye ukingo ulioimarishwa. Tairi ulilolitoa nalo liingize chini ya gari. Matofali ya kuchoma yasitumike kabisa, maana hupasuka bila kutoa taarifa.

Kazi yenyewe huanza kabla ya kuinua gari. Angalia nati ya habu: baadhi hufungwa kwa pini ya waya iliyokunjwa, ichomoe, nyingine ukingo wake umegongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti, na ukingo huo inabidi uinuliwe kwa tindo nyembamba kabla ya kugusa spana. Anayeruka hatua hii huchuna nyuzi za shafti. Legeza nati gari likiwa bado chini, kwa lile paipu la mita moja. Kisha inua, weka magogo, toa tairi.

Sasa inabidi habu isogee nje ili ncha ya shafti itoke. Njia nyepesi kwa anayeanza ni kufungua boliti mbili kubwa zinazoiunganisha shokapu na nako, yaani kile chuma kizito kinachobeba habu na breki. Kabla ya kuzigusa, chora mstari kwa rangi au rangi ya kucha kupita kwenye vyuma vyote viwili, ili wakati wa kurudisha vikae palepale na tairi lisije likaegemea upande. Achia mpira wa breki kwenye klipu yake usivutwe, na kama gari lina waya wa ABS, uachie nao. Rudisha nati ya habu kwa vidole mpaka iwe usawa na ncha ya shafti, weka juu yake kipande cha mninga, ugonge kwa nyundo. Mti ukubali kuumia badala ya nyuzi. Shafti ikiachia, toa nati, vuta nako kwako na upitishe ncha. Usiivute shafti yenyewe kwa nguvu kuja nje, kwani tripodi inaweza kuchomoka ndani ya kopo lake bila wewe kuona.

Hapa njia zinagawanyika. Sivijointi ya nje ya Toyota nyingi haikukusudiwa kutolewa kwenye shafti. Buti la asili la nje, kwa hiyo, huingizwa kutoka upande wa ndani: unakata klipu za buti la ndani, unatia alama kwa rangi kwenye kopo, tripodi na shafti (usitie alama kwa kugonga, chuma hicho ni kigumu na kinachubuka vibaya), unachomoa shafti pamoja na tripodi na kuliacha kopo kwenye gia boksi ili oili isimwagike. Zifunge roli tatu kwa utepe au kamba mara tu zinapoonekana, kwa sababu zikidondoka, sindano ndogo zilizo ndani yake zitatawanyika kwenye nyasi. Kisha unatoa klipu ya duara iliyo kwenye ncha, unaigonga tripodi taratibu itoke, na njia ya kupitisha mabuti yote mawili inakuwa wazi. Ni kazi ya siku nzima kwa mgeni, na faida yake ni kwamba unabadilisha pia buti la ndani kwa jasho lilelile.

Njia ya pili ni buti linalotanuka, la raba laini zaidi, ambalo mdomo wake mwembamba hupitishwa juu ya sivijointi ya nje bila kufungua kitu kingine. Duka huuza koni ya plastiki ya kulitelezeshea. Kazi ya koni ni kuupanua mdomo huo polepole kutoka unene wa shafti hadi unene wa sivijointi, na kazi hiyo chupa ya maji ya lita moja na nusu inaifanya: kata kitako, ivishe juu ya ncha ya shafti shingo ikitazama nje, ipake grisi, sukuma buti mdomo mwembamba ukitangulia. Chupa moja ikinywea, vika ya pili juu yake. Kwa maoni yangu buti la asili lina raba nene na hudumu zaidi, lakini kwa mtu aliye mbali na gereji, mwenye jioni moja tu, sioni aibu katika hili la kutanuka. Yale mabuti yaliyopasuliwa ubavuni ili yagundishwe kwa gundi sikushauri. Vumbi letu halitaisamehe gundi hiyo.

Kabla buti jipya halijaingia, osha kiungo kwa mafuta ya taa, ukikipinda huku na huku mpaka yatoke masafi. Petroli iache, mvuke wake unawaka kwa cheche moja ya chuma. Kisha kausha kwa matambara na uache kiungo kipumue, kwa sababu mafuta ya taa yakibaki ndani yataiyeyusha grisi mpya. Tazama gololi na mifereji kwenye mwanga wa jua. Chuma kinapaswa kung'aa sawasawa; vishimo au ngazi inayokwaza ukucha ni dalili kwamba kiungo kimechoka.

Grisi nyeusi inayokuja na buti ina molibdenamu, unga laini wa madini unaobaki kati ya vyuma hata grisi yenyewe inapokamuliwa pembeni na mgandamizo. Grisi ya kawaida ya beringi haina ulinzi huo, hivyo usiongezee ya kopo la nyumbani. Tumia mfuko wote uliokuja nao: nyingi ijaze kiungo chenyewe, kwa kuisukuma kwa kidole kati ya gololi, na inayobaki iingie kwenye buti.

Futa midomo yote miwili na mahali inapokaa mpaka pawe pakavu kabisa. Funga mdomo mpana kwanza. Kabla ya kufunga mwembamba, nyoosha shafti, chomeka spoku ya baiskeli iliyosawazishwa ncha chini ya mdomo, hewa itoke, kisha uichomoe. Bila hivyo buti litavimba au kunywea, na mikunjo itasuguana. Kwa klipu, bendi nyembamba ya chuma ndiyo bora. Klipu ya skrubu ya mpira wa rejeta ina kichwa kinachoweza kugonga nako. Ukilazimika kuitumia, zungusha tairi kwa mkono ukitazama nafasi. Waya wa kufungia nondo hushika, ila upige mizunguko miwili ukiwa umelala bapa, maana uzi mmoja hukata raba, na mkia wake uulaze uelekee kinyume na mzunguko wa kwenda mbele. Kamba za plastiki hulegea kwa joto. Na ukanda wa tyubu ya baiskeli unaozungushiwa buti lililopasuka ni wa kukufikisha dukani tu, kwa kuwa raba hiyo huvimba na kulainika ikikaa kwenye grisi, tofauti na raba ya buti halisi.

Rudisha nako kwa kufuata mstari wako wa rangi, kaza boliti za shokapu, funga tairi, shusha gari, na hapo dumu la maji ndipo linapoingia kazini. Nati ya habu ya kugongwa ukingo inunuliwe mpya, kwa sababu ukingo uliokwisha kukunjwa mara moja haushiki vizuri mara ya pili; igonge iingie kwenye mfereji baada ya kukaza. Futa ringi yote upande wa ndani mpaka iwe kavu. Nenda Tunduma, rudi, kisha upitishe kidole humo: unyevu mwembamba karibu na mdomo mpana ni grisi iliyobaki nje wakati wa kufunga, lakini mstari mpya wenye matone maana yake klipu haijashika, na utaikaza kabla ya safari nyingine.